Kumekauka Kwako Lakini Mto Unafurika? Hivi Ndivyo Rada Hujua Maji Yanaenda kwa Nani

Mtaani ukikutana na beshte unamuuliza, "Rada?" Yaani form ni gani, nini inaendelea, nijichunge na nini. Hilo neno tulilitoa kwa mashine ya ukweli, ile huzunguka juu ya mnara ikitafuta ndege na mvua. Leo wacha tubonge kuhusu hiyo mashine yenyewe, na swali moja ambalo watu wa hali ya hewa hujiuliza kila kukinyesha: haya maji yanaenda kwa nani?

Si swali ya mchezo. Usiku mmoja Aprili 2024, anti yangu alikuwa amelala kwa keja yake Mukuru, hatua chache tu kutoka Mto Ngong. Kwake kulikuwa kumetulia. Matone mawili matatu kwa mabati, basi. Jioni alikuwa ameona meseji kwa simu ati Nairobi itapata mvua kubwa. Akachungulia nje, akaona ni kawaida, akalala. Saa nane usiku akaamka miguu iko ndani ya maji. Alitoka na mtoto, simu, na mfuko wa vyeti. Meko, godoro, na cherehani ya kazi, zote zilienda.

Kesho yake aliniambia kitu sijawahi kusahau: "Mvua haikunyesha kwangu. Sasa haya maji yalitoka wapi?"

Yalitoka juu. Na kuna programu za kompyuta zimetengenezwa kujibu hilo swali kabla maji hayajafika mlangoni. Mimi niliachia kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo usiogope. Kama mimi nimeshika, wewe pia utashika.

Kila mtu anaishi ndani ya beseni

Chukua beseni ya kufulia, uiinamishe kidogo, kisha unyunyize maji popote ndani. Haijalishi umemwaga upande gani, maji yote yataishia ile kona ya chini. Ukimwaga nje ya ukingo, hakuna tone litaingia.

Ardhi iko hivyo hivyo. Chagua sehemu yoyote ya mto, sema daraja la hapo kwenu. Kuna eneo fulani la ardhi ambalo mvua yake yote itapita chini ya hilo daraja. Wataalamu wana majina yao marefu ya hilo eneo. Sisi tuliite tu beseni. Ukingo wake ni vilima na matuta: mvua ikianguka upande huu inakuja kwako, ikianguka upande ule inaenda kwa mtu mwingine.

Sasa cheki Nairobi. Mto Nairobi unaanzia bwawa la Ondiri kule Kikuyu, unateremka hadi Museum Hill, unapita Globe, unaenda Gikomba, halafu unaelekea Dandora. Mto Ngong unatoka upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong, unafika Nairobi Dam hapo Kibera, kisha unaingia Mukuru. Mto Mathare unapita Muthaiga kabla ufike bonde la Mathare. Kikuyu iko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Eastlands iko kama mita 1,600. Hiyo ni mita 400 za kuteremka, na maji hayahitaji fare.

Kwa hivyo ukiishi Mukuru, mvua ya kukutoa kwa nyumba si lazima iguse bati lako. Inaweza kunyesha Dagoretti wewe ukiwa umelala fofofo.

Kwa nini "Nairobi itapata mvua" haisaidii

Hapa tufanye hesabu kidogo, na usihepe.

Milimita 1 ya mvua kwa kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 1. Sasa chukua beseni dogo la kilomita 10 za mraba. Wingu moja kali likae juu yake lianguke milimita 80. Hizo ni lita milioni 800. Ukizipakia kwa maboza ya lita 10,000, unahitaji maboza 80,000. Si yote hufika mtoni, zingine zinazama kwa udongo. Lakini hata nusu yake ikishuka kwa mto mwembamba ndani ya saa moja, hapo chini kumeharibika.

Sasa chukua hiyo mvua hiyo hiyo uigawanye kwa kaunti nzima ya Nairobi, kilomita 696 za mraba. Wastani unakuwa milimita 1 na kidogo. Manyunyu tu. Mtu wa ofisini akiangalia namba ya kaunti ataona hakuna noma, na beseni moja linazama.

Hiyo ndiyo shida ya kutumia mipaka ya siasa kupima mvua. Kaunti, wadi na kata zilichorwa kwa ajili ya kura na ushuru. Maji hayajui gavana wenu ni nani. Ukitaka kuonya watu mapema, lazima kompyuta ihesabu mvua kwa mipaka ambayo maji yenyewe yanafuata.

Rada inaona nini hasa

Rada inatuma mawimbi ya redio angani, mawimbi yanagonga matone, mengine yanarudi. Yakirudi kwa nguvu sana, hapo kuna mvua nzito. Yakirudi kidogo, ni manyunyu. Kompyuta inageuza hiyo nguvu kuwa milimita za mvua kwa saa. Mashine inazunguka, inainua shingo kidogo, inazunguka tena, na kila dakika 5 hivi una picha mpya.

Hiyo picha imekatwa vipande kama pizza. Kwa programu za Marekani zilizoanza kutumia mabeseni, kila kipande kilikuwa na upana wa digrii 1 na urefu wa kilomita 1. Ukiwa kilomita 60 kutoka kwa rada, upana wa hicho kipande ni kama kilomita 1. Ukiwa kilomita 120, upana ni kama kilomita 2. Yaani kadiri unavyoenda mbali, picha inakuwa chafu.

Kuna kitu kingine. Mwale wa rada unaenda moja kwa moja huku dunia ikijipinda chini yake. Kufika kilomita 100, mwale ule wa chini kabisa uko karibu kilomita 1.5 juu ya mnara. Inaona mvua ikiwa bado juu, haioni kilichofika chini. Ndio maana vipimo vya mvua vya kawaida, vile vya kopo na rula, bado vina kazi: vinasaidia kurekebisha namba za rada.

Lakini hata picha ikiwa safi kabisa, bado ni rangi tu juu ya ramani. Nyekundu hapa, njano pale. Mtu aliyekaa mbele ya skrini saa tisa usiku lazima ajue hiyo nyekundu imeketi juu ya beseni gani. Na kwa macho peke yake haiwezekani.

Kuchora beseni: kompyuta inamwaga maji ya uongo

Kazi inaanza na ramani ya miinuko. Hii ni jedwali kubwa sana la namba, kila namba ikisema kipande fulani cha ardhi kiko juu kiasi gani. Mnamo Februari 2000, chombo cha NASA kinaitwa Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima miinuko kwa rada, na Kenya yote imo ndani. Data hiyo inapatikana bure kwa vipande vya kama mita 30 kwa 30.

Kisha kompyuta inaenda kipande kwa kipande ikiuliza: kati ya majirani wako 8, nani yuko chini zaidi? Jibu likipatikana, inachora mshale. Maji ya hapa yanaenda pale. Inarudia mamilioni ya mara. Ikipata shimo ambalo majirani wote wako juu, inalijaza kwanza, kwa sababu mara nyingi hilo shimo ni kosa la vipimo na litakwamisha maji ya uongo.

Mishale ikikamilika, unaifuata ukihesabu. Kipande kinachopokea maji ya majirani wengi sana, huo ni mto. Basi unachagua mlango wa kutokea, sema pale vijito viwili vinakutana au pale kuna daraja, halafu unamwambia kompyuta irudi nyuma: nipe vipande vyote ambavyo mishale yake inaishia hapa. Hilo ndilo beseni. Linapewa namba, linapewa jina la mto wake, na linaunganishwa na beseni lililo juu yake na lililo chini yake.

Hatua ya mwisho ni kulaza mabeseni juu ya vipande vya rada. Kila beseni linajua vipande vyake. Rada ikituma picha mpya, kompyuta inachukua mvua ya vipande vya beseni hilo, inatafuta wastani, inaongeza kwa mvua ya saa iliyopita. Kazi imeisha, ngojea picha inayofuata.

Uamuzi mkubwa hapa ni saizi. Ukichora beseni kubwa sana, wastani unaficha mvua kali, kama vile kaunti ilifanya. Ukichora dogo kuliko kipande cha rada, unajidanganya, unasoma namba moja ukiita mbili. Na kama milima ni mikali na mji umejaa lami, inafaa uende kwa madogo, kwa sababu beseni dogo hujaa haraka. Linaweza kukupa chini ya saa moja kutoka mvua ianze hadi maji yafike.

Hii kitu ilitoka wapi

Tarehe 14 Juni 1990, karibu na mji wa Shadyside, Ohio, mvua kali ilianguka usiku juu ya vijito viwili vidogo, Wegee na Pipe. Ni vijito vya kawaida, vya kutazama bila kuogopa. Maji yalishuka kama ukuta, na watu 26 wakafa.

Visa kama hivyo vilifundisha kitu: muuaji mara nyingi ni kale kamto kadogo ambako hakuna mtu anakahesabu. Ofisi ya hali ya hewa ya Pittsburgh, ambayo iko jimbo jirani la Pennsylvania, ilitengeneza programu inaitwa AMBER, iliyokuwa inahesabu mvua ya rada kwa kila beseni dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazo hilo likageuzwa kuwa programu ya nchi nzima, FFMP, na mabeseni ya Marekani yote yakachorwa kwa kompyuta kutoka kwa ramani za miinuko.

Mtu wa zamu anapata jedwali. Safu moja ni jina la beseni. Nyingine ni mvua iliyoanguka. Nyingine ni kiwango cha hatari, yaani milimita ngapi ndani ya saa 1, 3 au 6 zinatosha kumwaga huo mto nje ya kingo. Halafu kuna asilimia. Beseni likifika 100, maji yamefika shingoni. Huhitaji kukisia rangi.

Hicho kiwango hakikai pahali pamoja. Udongo ukiwa umelowa wiki nzima, kinashuka, kwa sababu ardhi imeshiba. Mahali palipochomeka moto au palipojaa lami na mabati, watu wa zamu wanaweza kukishusha wenyewe. Mvua ambayo shamba la Limuru litakunywa bila kulalamika, parking ya mjini itairusha yote kwa mtaro.

Na mwaka 2007 Marekani iliacha kutoa onyo la mafuriko ya ghafla kwa kaunti nzima. Siku hizi wanachora umbo juu ya ramani, mahali penye hatari peke yake. Aliye ndani anaambiwa atoke. Aliye nje analala. Hiyo ina maana kubwa kuliko unavyodhani: mtu akionywa mara kumi bure, ya kumi na moja hasikii. Muulize anti yangu.

Pale ramani inadanganya

Sasa usikimbie kusema kompyuta imemaliza kila kitu. Kuna vitu haijui.

Kwanza, mji una mito ya chini kwa chini. Mitaro na mabomba yanaweza kubeba maji kutoka beseni moja hadi lingine, kinyume na mishale yote. Mtu asipoenda kwa miguu kuona mtaro unaelekea wapi, ramani itabaki na hadithi ya zamani.

Pili, kipande cha mita 30 kwa 30 ni kikubwa. Mtaani kwetu hapo ndani unaweza kuweka karibu vyumba 100 vya futi 10 kwa 10. Mto mwembamba uliobanwa na nyumba na takataka unaweza kupotea kabisa ndani ya namba moja.

Tatu, na hii ndiyo inauma, ramani inadhani njia ya maji iko wazi. Kumbuka Mai Mahiu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji na matope yalishuka usiku watu wakiwa wamelala, na zaidi ya watu 45 wakafa. Mwanzoni ilisemekana ni bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyoziba. Maji yalijikusanya nyuma ya tuta, likageuka bwawa ambalo hakuna mtu alilijenga, halafu likaachilia kwa mpigo.

Kwa kompyuta, pale kulikuwa na mshale tu: maji yanapita. Kwa ukweli, kulikuwa na kizibo. Ndio maana beseni si kitu ya kuchora mara moja ukaenda nyumbani. Reli mpya, barabara mpya, ukuta wa tajiri fulani ndani ya mto, kila kimoja kinabadilisha njia. Ramani inafaa kurudiwa, na watu wa mtaa waulizwe, kwa sababu wao ndio wanajua maji yalipita wapi mwaka jana.

Wewe ufanye nini na hii stori

Mvua zile za 2024 ziliua zaidi ya watu 280 Kenya. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto wahame, nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru, wengi wakalala nje. Mita 30 ni umbali kutoka kwa maji. Lakini hatari ya usiku ule inategemea pia mvua imeangukia wapi huko juu, na hiyo hakuna tingatinga inaweza kukuambia.

Kwa hivyo anza kujua beseni lako. Fungua ramani kwa simu, tafuta mto au mtaro ulio karibu na keja yako, halafu uufuate kwa kidole ukipanda, sio ukishuka. Andika majina ya mitaa unayopita hadi ufike mwanzo. Hiyo ndiyo orodha ya mahali ambapo mvua yao ni mvua yako.

Kisha tafuta mtu mmoja kwa kila mtaa wa hiyo orodha. Beshte, binamu, boda unayemjua, yeyote. Makubaliano ni rahisi: kukinyesha kwako kwa nguvu kwa nusu saa, nipigie, hata kama ni saa nane usiku. Hiyo si rada ya mamilioni, lakini inauliza swali lile lile.

Na ukipigiwa, usitoke nje kuangalia kama kwako kunanyesha. Hilo ndilo kosa lenyewe. Beba watoto, vyeti, dawa na simu, panda juu. Usijaribu kuvuka. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinabeba gari nyingi.

Anti yangu alirudi Mukuru, kwa sababu kodi ya kwingine haipandiki. Lakini siku hizi ako na namba ya mama mmoja anayeuza mboga Dagoretti Corner. Hawajawahi kuonana. Mvua ikianza, huyo mama anamtumia neno moja tu.

"Rada."

Na anti anajua maana yake.